Kutoka Milki hadi Haki: Mapendekezo ya Pamoja ya Afrika ya Mashariki katika Mikutano ya Kimataifa ya Simu

UTANGULIZI

Makala hii ina makusudi mawili. Kusudi la kwanza ni kueleza kwa ufupi jinsi nchi za Afrika ya Mashariki zilivyojifunza kupeleka mapendekezo ya pamoja katika mikutano ya Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano ya Simu, ambao hapa tutauita Umoja wa Simu. Kusudi la pili ni kuonyesha kwamba historia hiyo, ambayo kwa kawaida huachiwa wahandisi na wanasheria, kwa kweli ni historia ya maneno. Neno moja lilipendekezwa, likakataliwa, likaachwa, na jingine likashika mahali pake. Na badiliko hilo lilizipatia nchi maskini kitu ambacho kwa nguvu ya mitambo peke yake zisingekipata. Kwa hiyo haifai wanafunzi wa lugha walipite jambo hili wakidhani kwamba haliwahusu.

Tumechagua kulitazama jambo hili tukiwa tumesimama mahali pamoja, yaani Olkaria na viunga vyake katika Bonde la Ufa, kusini ya Ziwa Naivasha. Mahali hapo panafaa kwa sababu pana mali mbili za asili zilizoanza kutumiwa karibu wakati mmoja. Mali ya kwanza ni mvuke ulio chini ya ardhi. Ya pili ni njia ya mawimbi ya redio ipitayo angani. Tofauti ya mali hizo mbili, na hasa tofauti ya namna ya kuzidai, ndiyo kiini cha maelezo yetu.

1. BONDE MOJA, MALI MBILI

Jina Olkaria ni la Kimaasai, nalo ni jina la udongo mwekundu ambao Wamaasai hujipaka. Katika nchi hiyo ya volkano mvuke hutoka katika nyufa za ardhi. Visima viwili vya majaribio vilichimbwa katika miaka ya 1950, lakini havikufaulu. Uchunguzi ulianzishwa upya mwaka 1970 kwa msaada wa Umoja wa Mataifa, na mwaka 1981 mtambo wa kwanza, wenye uwezo wa megawati 15, ukaanza kutoa umeme. Mtambo wa pili ulifuata mwaka 1982 na wa tatu mwaka 1985, hata jumla ikawa megawati 45.

Si mbali na hapo, kusini-mashariki ya Mlima Longonot, kilifunguliwa mwaka 1970 kituo cha kwanza cha mawasiliano ya setilaiti katika Afrika ya Mashariki. Dishi lake lilikuwa na kipenyo cha karibu mita 30. Kabla ya hapo mtu wa Nairobi, Kampala au Dar es Salaam aliyetaka kuzungumza na Ulaya alitegemea simu ya redio ya masafa mafupi, ambayo sauti yake hupanda na kushuka kwa kadiri ya hali ya anga. Kituo cha Longonot kilikuwa cha kampuni iliyoshughulikia simu za nje kwa ajili ya nchi zote tatu, Kenya, Uganda na Tanzania, kwa ushirika na kampuni ya Kiingereza ya Cable and Wireless.

Yafaa tueleze kwa maneno machache jinsi chombo hicho kinavyofanya kazi, maana bila hayo mabishano yaliyofuata hayaeleweki. Setilaiti ikipandishwa hadi kimo cha kilomita 36,000 hivi juu ya ikweta, huizunguka dunia kwa muda ule ule ambao dunia hujizungusha. Kwa mtu aliye chini huonekana kama taa iliyotundikwa mahali pamoja, na dishi halina haja ya kuifuata huku na huku. Njia hiyo ni moja tu, nayo iko juu ya ikweta peke yake. Tutaiita mzingo wa ikweta. Setilaiti mbili zikikaribiana mno katika mzingo huo na kutumia mawimbi yale yale, huharibiana mazungumzo. Ndiyo maana nafasi katika mzingo, na mawimbi yatumiwayo humo, ni vitu vyenye kikomo, na hapana budi pawe na utaratibu wa kuvigawa.

Sasa tazama tofauti. Juu ya mvuke wa Olkaria hakuna dola ya nje iliyouliza ni wa nani. Azimio la Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa, namba 1803 la mwaka 1962, lilikuwa limekwisha kutamka kwamba kila taifa lina mamlaka ya kudumu juu ya mali zake za asili. Lakini nafasi ya setilaiti, hata ile iliyo wima juu ya Olkaria, haikupatikana kwa kutamka kwamba ni yetu. Ilibidi iombwe, iandikiwe hoja, na itetewe mbele ya mataifa mengine. Kazi hiyo ya kuomba na kutetea ndiyo inayoitwa kutayarisha mapendekezo.

2. SHIRIKA MOJA, KURA TATU

Umoja wa Simu ulianzishwa Paris mwaka 1865 kwa ajili ya simu za maandishi, ukapewa jina lake la sasa mwaka 1932, na mwaka 1947 ukaingizwa katika jamii ya mashirika ya Umoja wa Mataifa. Afrika ya Mashariki haikuwa na sauti ndani yake. Katika miaka ya 1950 ilitajwa katika orodha kama kundi moja chini ya Uingereza, mwanachama mshiriki asiyekuwa na kura. Umoja wa eneo letu katika mambo ya simu ulikuwako, lakini ulikuwa umoja wa kutawaliwa: posta na simu za nchi hizi ziliendeshwa pamoja kwa sababu mtawala alikuwa mmoja.

Uhuru ulipokuja mambo yaligeuka kwa namna ya kustaajabisha. Tanganyika, Uganda na Kenya kila moja iliingia katika Umoja wa Simu kama taifa kamili lenye kura yake, lakini simu zenyewe ziliendelea kuwa chini ya utumishi mmoja. Mkataba wa Ushirikiano wa Afrika ya Mashariki uliotiwa saini Kampala tarehe 6 Juni 1967 uliuthibitisha utaratibu huo: Shirika la Posta na Simu la Afrika ya Mashariki likawa na makao yake makuu Kampala. Kwa hiyo hata kabla mtu hajafikiria mapendekezo ya pamoja, mapendekezo hayakuwa na njia nyingine ila kuwa ya pamoja. Mafundi walikuwa wale wale, ramani za nyaya zilikuwa zile zile, na mahitaji yalihesabiwa katika ofisi moja. Kilichobaki ni kuweka saini tatu.

Mkutano mkuu wa kwanza ambamo mataifa mapya ya Afrika yalionyesha uzito wa kura zao ulikuwa ule wa Montreux, Uswisi, mwaka 1965. Hapo nchi za Afrika, zikiungwa mkono na nyingine, zilileta hoja ya kuitoa Afrika ya Kusini katika mkutano kwa sababu ya siasa yake ya ubaguzi, na hoja ikapita. Wajumbe wa nchi tajiri walilalamika kwamba Umoja wa Simu ni chombo cha ufundi na kwamba siasa haina nafasi ndani yake. Lalamiko hilo lafaa kukumbukwa, kwa sababu lilirudiwa kila mara nchi maskini zilipoleta jambo. Jibu la Waafrika lilikuwa rahisi: ufundi wenyewe, yaani nani apewe mawimbi na nani aambiwe asubiri, ni siasa tangu hapo zamani.

3. BOGOTÁ NA KUVUNJIKA KWA JUMUIYA

Kanuni iliyotumika kugawa mzingo wa ikweta ilikuwa ya aliyetangulia. Nchi iliyokuwa tayari na setilaiti iliandikisha nafasi na mawimbi, na aliyekuja nyuma yake alipaswa kujitenga ili asimwingilie. Mkutano Mkuu wa Malaga-Torremolinos, Hispania, mwaka 1973, uliingiza katika mkataba wa Umoja wa Simu fungu jipya lililotambua kwamba mawimbi na mzingo ni mali ya asili yenye kikomo, na kwamba mataifa yanapaswa kuvifikia kwa haki. Lakini fungu hilo lilikuwa na mkia: haki hiyo ilipimwa kwa kadiri ya mahitaji ya nchi na vifaa vya ufundi ilivyo navyo. Mwenye macho aliona. Nchi isiyo na vifaa, kwa mujibu wa maneno hayo, haki yake ilikuwa ndogo kwa sababu hiyo hiyo ya kutokuwa na vifaa.

Tarehe 3 Desemba 1976, nchi za ikweta zilizokutana Bogotá, mji mkuu wa Colombia, zilitoa tamko lililowashangaza wengi. Kenya na Uganda zilikuwamo, pamoja na Colombia, Ecuador, Congo, Zaire na Indonesia. Zilisema kwamba mzingo wa ikweta hutokana na mvuto wa dunia, na kwamba kwa hiyo ni mali ya asili kama madini. Sehemu ya mzingo iliyo juu ya nchi ni milki ya nchi hiyo, na sehemu iliyo juu ya bahari kuu ni urithi wa wanadamu wote. Kwa maneno mengine, nchi hizo zilichukua hoja iliyohalalisha mvuke wa Olkaria, zikaipandisha kilomita 36,000 juu.

Hoja hiyo ilikuwa na nguvu ya kuamsha watu, lakini ilikuwa na udhaifu wa namna tatu. Kwanza, mkataba wa mwaka 1967 juu ya anga za mbali ulikataza taifa lolote kujitwalia sehemu ya anga hizo. Pili, kwa Kenya yenyewe dai hilo halikugusa chombo kilichokuwa kikitumiwa: dishi la Longonot lilielekezwa mashariki, kwenye setilaiti iliyosimama juu ya Bahari ya Hindi, mbali na sehemu ambayo Kenya ingeweza kuidai. Tatu, na hili ndilo kubwa kwa makala yetu, neno milki hugawa. Ikweta hupita Kenya na Uganda, lakini haipiti Tanzania. Nchi tatu zilizokuwa na shirika moja la simu zikajikuta mbili zina anga ya kudai na ya tatu haina. Pendekezo lisiloweza kuwekwa saini na jirani wa karibu haliwezi kuwa pendekezo la eneo.

Miezi michache baadaye hata hilo shirika halikuwapo. Mpaka wa Kenya na Tanzania ulifungwa mwezi Februari 1977, na Jumuiya ya Afrika ya Mashariki ikavunjika mwaka huo huo. Kila nchi ikaanzisha shirika lake la posta na simu, na kila nchi ikajitafutia dishi lake: Tanzania huko Mwenge, Dar es Salaam, na Uganda huko Mpoma. Mwaka huo huo wa 1977 nchi za Afrika, chini ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika, zilianzisha Umoja wa Simu wa Afrika wenye makao yake Kinshasa. Kwa hiyo tangu hapo pendekezo la pamoja halikuweza tena kutokea lenyewe kwa sababu ya kuwa na ofisi moja. Lilipaswa kutengenezwa kwa makusudi, kwa mikutano, kwa barua na kwa subira.

4. NAIROBI, 1982

Kwa msomaji asiyezoea kazi hii, yafaa kueleza jinsi pendekezo linavyoandikwa. Kila nchi hukusanya mahitaji ya wanaotumia mawimbi: simu, redio, ndege, meli, majeshi, watabiri wa hali ya hewa. Kisha huchukua maandishi ya mkataba au kanuni zilizopo na kueleza, fungu kwa fungu, ni nini kibaki, nini kibadilishwe, nini kiongezwe na nini kifutwe. Kila pendekezo hutiwa alama ya mojawapo ya matendo hayo manne. Halafu nchi za eneo moja hukutana kulinganisha, na kila moja hulegeza hapa ili ikaze pale. Ni kazi ya mhariri kuliko ya mhandisi. Anayeshinda si lazima awe mwenye mitambo mingi, bali yule aliyekuja na sentensi ambayo wengine wanaweza kuikubali.

Mkutano wa Redio wa Dunia uliofanyika Geneva tangu Septemba hadi Desemba 1979 ulikuwa shule kubwa ya kazi hiyo. Nchi zinazoendelea hazikupata kila zilichotaka, lakini zilipata azimio la kuitisha mkutano maalumu wa kupanga matumizi ya mzingo wa ikweta, ili kila nchi ihakikishiwe kuufikia kwa haki. Lugha ya milki ilikuwa ikififia, na lugha ya fungu la kila mtu ilikuwa ikichukua mahali pake.

Ndipo ukaja Mkutano Mkuu wa Nairobi, uliofanyika katika Jumba la Kimataifa la Mikutano la Kenyatta tangu tarehe 28 Septemba hadi 6 Novemba 1982. Ulikuwa mkutano mkuu wa kwanza wa Umoja wa Simu kufanyika katika Afrika ya kusini ya Sahara. Wenyeji hawakuwa katika hali ya utulivu. Tarehe 1 Agosti, wiki nane kabla ya ufunguzi, wanajeshi wa anga walijaribu kuipindua serikali ya Kenya, na kwa saa chache kituo cha Sauti ya Kenya kilikuwa mikononi mwao. Kwamba mkutano ulifanyika kwa tarehe zilizopangwa ni jambo la kusifiwa. Ndani ya ukumbi nako kulikuwa na tufani yake. Suala la kuitoa Israeli lilichukua siku nyingi na nusura livunje mkutano. Hoja ya kuitoa ilishindwa kwa tofauti ya kura chache.

Lakini kwa wachunguzi wa lugha jambo kubwa la Nairobi lilikuwa sentensi moja. Lile fungu la mwaka 1973 lilifunguliwa tena, na mkia wake ukakatwa. Maneno yaliyopima haki kwa vifaa yaliondolewa. Mahali pake pakaandikwa kwamba katika kuvifikia mawimbi na mzingo kwa haki, yatazamwe mahitaji maalumu ya nchi zinazoendelea na hali ya kijiografia ya nchi fulani fulani. Sehemu ya kwanza ya nyongeza hiyo iliwaunganisha maskini wote, wa ikweta na wasio wa ikweta. Sehemu ya pili iliwapa watu wa Bogotá heshima yao bila kuwapa milki. Kenya na Uganda ziliweza kuikubali, na Tanzania iliweza kuikubali pia. Hiyo ndiyo maana ya pendekezo la pamoja.

Mtu anaweza kuuliza: je, huu si ushindi wa karatasi tu? Matokeo yanajibu. Katika mikutano miwili ya Geneva, ya mwaka 1985 na 1988, ulipangwa mpango ambao kila nchi mwanachama, iwe na setilaiti au isiwe nayo, ilitengewa angalau nafasi moja katika mzingo pamoja na mawimbi yake. Kanuni ya aliyetangulia haikuondolewa kabisa, lakini haikuwa peke yake tena. Wahenga walisema kutangulia si kufika. Hapa msemo huo uliingizwa katika sheria ya mataifa.

Mkutano wa Nairobi ulizaa pia tume huru ya watu 17 iliyoongozwa na Sir Donald Maitland wa Uingereza. Taarifa yake, iliyotolewa mwanzoni mwa mwaka 1985, ilieleza kwamba robo tatu ya simu milioni 600 za dunia zilikuwa katika nchi tisa tu, na kwamba mji wa Tokyo peke yake ulikuwa na simu nyingi kuliko bara zima la Afrika. Mwezi Mei mwaka huo wajumbe walikutana Arusha kuizungumza taarifa hiyo katika mkutano wa kwanza wa dunia juu ya maendeleo ya simu, na azimio lao likaitwa kwa jina la mji huo. Haikuwa bahati tu kwamba mambo hayo yalipita Nairobi na Arusha, miji miwili ya Jumuiya iliyokuwa imevunjika miaka michache tu kabla.

5. YALIYOFUATA

Kwa miaka ya baadaye tutapita haraka. Umoja wa Simu wa Afrika uliundwa upya mwaka 1999, na makao yake yakawa Nairobi. Mapendekezo ya pamoja ya Afrika yakawa utaratibu wa kawaida: mikutano ya matayarisho hufanyika kwa miaka kadhaa kabla ya kila Mkutano wa Redio wa Dunia, na kundi la Afrika hukaa pamoja na makundi ya Ulaya, ya Amerika, ya Waarabu, ya Asia na Pasifiki, na ya nchi zilizokuwa za Kisovieti. Katika mkutano wa Geneva wa mwaka 2012 kundi la Afrika na kundi la Waarabu yaliungana kudai kwamba sehemu ya mawimbi yaliyokuwa ya televisheni, kati ya megahezi 694 na 790, ifunguliwe kwa simu za mkononi. Ulaya haikuwa tayari, lakini dai lilipita, na mkutano wa mwaka 2015 ukakamilisha masharti yake. Simu nyingi zinazotumika vijijini leo zinanufaika na maneno yaliyoandikwa katika siku hizo.

6. SUALA LA LUGHA

Katika historia yote hii Kiswahili kilikuwa wapi? Umoja wa Simu una lugha rasmi sita: Kiarabu, Kichina, Kihispania, Kifaransa, Kiingereza na Kirusi. Wajumbe wa Afrika ya Mashariki waliweza kunong'onezana kwa Kiswahili mezani, lakini hakuna sentensi moja ya Kiswahili iliyoingia katika mapendekezo. Hali hiyo haikuwa ngeni kwao. Katika Bunge la Kenya, Kiswahili kiliingizwa mwaka 1974 kuwa lugha ya majadiliano, lakini miswada iliendelea kuandikwa kwa Kiingereza. Mtu alizungumza kwa lugha moja juu ya karatasi iliyoandikwa kwa nyingine. Mapendekezo ya pamoja yalifuata njia ile ile.

Wako watakaosema kwamba Kiswahili hakina msamiati wa kazi hiyo. Tuyapime maneno yenyewe. Neno pendekezo hutokana na kupenda: kupendekeza ni kulifanya jambo lipendeke kwa wengine. Ukilitafakari, utaona kwamba neno hilo limebeba fundisho la Nairobi lote, kwani kosa la Bogotá lilikuwa kutoa tamko lililopendeka kwa waliolitoa tu. Vivyo hivyo tofauti ya usawa na haki, ambayo ilichukua wajumbe muda mrefu, Kiswahili kinaijua vizuri. Mafungu ya nyama yaweza kuwa sawa yasiwe ya haki, ikiwa mmoja ana watoto wanane na mwingine yu peke yake. Mkataba hausemi kwamba nchi zote zigawiwe sawa. Wasema zifikie kwa haki.

Mahali pengine, hata hivyo, kazi bado ipo, na neno masafa ni mfano mzuri. Asili yake ni Kiarabu, na maana yake ya zamani ni umbali kati ya mahali na mahali. Redio ilipokuja, watangazaji walisema masafa mafupi na masafa ya kati, wakikusudia urefu wa wimbi. Siku hizi neno hilo hilo hutumiwa kwa idadi ya mitetemo ya wimbi katika sekunde moja. Lakini mambo hayo mawili hupishana: kadiri wimbi linavyokuwa fupi ndivyo mitetemo inavyozidi. Kwa hiyo masafa mafupi ya mtangazaji ni masafa ya juu ya mhandisi, na msomaji asiye mtaalamu hupotea kati yao. Katika makala hii tumesema mawimbi ili kukwepa mtego huo, lakini kukwepa si kutatua. Neno simu nalo, ambalo kwa asili ya Kiajemi ni waya, sasa ni jina la chombo kisicho na waya wowote. Hapo hapana hatari, maana hakuna anayekosea. Kazi ya mwanaisimu ni kutambua ni neno gani limebadilika bila madhara na ni lipi linahitaji kuwekewa mpaka.

Yafaa pia tusikitukuze Kiswahili kupita kiasi. Turudi Olkaria. Mwaka 2014 Wamaasai waliohamishwa kwa ajili ya mitambo mipya ya mvuke walipeleka malalamiko yao Benki ya Dunia na Benki ya Uwekezaji ya Ulaya. Miongoni mwa mambo yaliyolalamikiwa ni kwamba katika mashauriano lugha ya Kimaasai haikutumiwa inavyostahili, hata baadhi ya wazee wasiweze kushiriki kikamilifu katika mambo yaliyoamuliwa juu ya makazi yao. Tulisema hapo mwanzo kwamba mvuke haukuhitaji kuombewa Geneva. Ni kweli kwa upande wa mataifa. Lakini kwa mkazi wa Olkaria mvuke ulio chini ya miguu yake na mzingo ulio juu ya kichwa chake vilifanana kwa jambo moja: vyote viwili vilizungumzwa katika lugha ya watu wengine. Kwa mzee huyo hata Kiswahili chaweza kuwa lugha ya wakubwa.

HITIMISHO

Tumejaribu kuonyesha kwamba Afrika ya Mashariki ilipitia hatua tatu katika kutayarisha mapendekezo ya pamoja. Hatua ya kwanza ilikuwa ya umoja bila kura, chini ya mkoloni. Ya pili ilikuwa ya kura tatu na shirika moja, ambapo kupatana kulikuja kwa urahisi kwa sababu ofisi ilikuwa moja. Ya tatu ni ya baada ya 1977, ambapo kupatana kumekuwa kazi ya kalamu. Hatua hii ya tatu ndiyo iliyozaa matunda makubwa kuliko zote, nayo ilifanikiwa pale wajumbe walipoacha neno milki, ambalo liliwagawa, wakashika neno haki, ambalo liliwaunganisha.

Kwa hiyo twatoa mashauri matatu kwa wenzetu wa idara za lugha. La kwanza, mapendekezo ya pamoja yatafsiriwe kwa Kiswahili yakiwa bado rasimu, kabla ya kupelekwa mkutanoni, wala si baada ya kupitishwa. Tafsiri ijayo mwisho ni taarifa tu, haimpi msomaji nafasi ya kusema neno. Umoja wa Afrika ulikubali mwaka 2022 kwamba Kiswahili kiwe miongoni mwa lugha zake za kazi, hivyo kisingizio cha zamani kimekwisha. La pili, mabaraza ya Kiswahili ya nchi zetu yakae na wahandisi wa mawimbi na kuweka mipaka ya maneno machache yenye utata, wakianza na masafa. La tatu, mambo makuu yaelezwe pia kwa lugha za watu ambao mitambo imejengwa katika ardhi yao, kama Kimaasai katika Bonde la Ufa.

Mkutano ujao wa Redio wa Dunia umepangwa kufanyika mwaka 2027, na matayarisho yake yamekwisha kuanza. Mawimbi yatakayogawiwa huko ni mali ya watu wote wa nchi zetu. Mwenye mali ana haki ya kusoma barua inayoandikwa kwa jina lake, kabla haijatiwa muhuri.